Kopo la Nanzia

"Kopo la mtu hujazwa na mwenziwe." Mbazi, umelisema neno hilo mchana huu ukicheka, ulipomwona jirani anakuja kuomba chumvi kwa mara nyingine, na wenzako wote wakakuunga mkono kwa kicheko. Nilikuwa jikoni, nikasikia. Sikukasirika sana, nilikasirika kidogo tu. Halafu Mkunde akanifuata na kuniuliza, "Bibi, ile ni methali ya ombaomba?" Hapo nikaona heri niwakalishe chini nyote, ninyi vijana mnaolala kwangu usiku huu, maana kesho mnaingia mkutano wa Umoja kwa mara ya kwanza, na si vizuri mtu aingie katika nyumba huku anaukejeli msingi wake bila kujua.

Methali hii hatukuirithi kwa wahenga. Ilizaliwa hapahapa Kwemkuyu, ndani ya lile ghala la mkonge lililo nyuma ya stesheni, na mimi Eliwaza nilikuwepo, na kofia yangu pana kichwani. Na ilizaliwa hivi.

Wakati huo Umoja wetu wa Watu wenye Ulemavu ulikuwa bado mchanga. Kabla ya hapo kila kundi lilikuwa na chama chake. Wasioona walikuwa na chao, viziwi na chao, wenye ulemavu wa miguu na chao, sisi wenye ualbino na chetu, na wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili walikuwa na kikundi chao kidogo. Kila kundi lilikwenda halmashauri peke yake, na kila kundi lilirudi na jibu lilelile: "Tumewasikia, tutawaita." Mpaka leo hatujaitwa. Ndipo tukaungana. Kuungana ni rahisi, wajukuu zangu. Kazi ni kukubaliana ni nani aanze.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Singano, msokota kamba, mtu asiyeona tangu utotoni, na mwenye sauti ya kumwamsha mlinzi wa stesheni. Alipenda utaratibu kuliko chakula. Siku ya kwanza tu alituambia kwamba kura ya kunyoosha mikono haimfai, kwa sababu yeye na wenzake hawaioni mikono. Kura ya kuitikia kwa sauti ingewaacha viziwi. Karatasi nazo zingetuaibisha wengi, kwa kuwa wakati ule shule zilitukimbia kama tuna upele. Baada ya kufikiri akaleta wazo la makopo. Kila kundi liwe na kopo lake juu ya benchi, na kila mjumbe apewe jiwe. Jiwe likianguka ndani ya kopo, asiyeona analisikia na asiyesikia analiona.

Tulijivunia jambo hilo, nisiwafiche. Mjini watu walizoea kuliona kopo mikononi mwetu kwa shughuli nyingine, pale mlangoni pa soko. Singano alisema kwamba kopo walilotupa tuombee, sisi tutalipigia kura.

Mwaka huo palikuwa na kituo kipya cha afya kinachojengwa, badala ya ile zahanati ya zamani ambayo sasa imebomolewa. Mganga mkuu wa wilaya alikuwa mama mmoja mkweli, asiyependa maneno marefu. Alituita ofisini kwake akasema, "Nileteeni jambo moja, nami nitalipigania mpaka mwisho. Mkileta matano nitayaweka kabatini, na kabati langu mnaliona." Tuliliona. Lilikuwa limejaa mpaka mlango haufungi. Akatupa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata, kabla mipango ya mwaka haijafungwa.

Basi tukarudi ghalani kila mtu akiwa na jambo lake mdomoni. Kaniki, fundi viatu, ndiye aliyewasemea wenye ulemavu wa miguu. Walitaka kituo kipya kiwe na mteremko badala ya ngazi, kwa sababu kule kwenye zahanati ya zamani walipanda ngazi kwa kutambaa, mbele za watu. Wasioona walitaka alama za kugusa kwenye milango na kwenye dawa. Sisi tulitaka mafuta ya kukinga jua, maana ngozi hii mnayoiona imeshaniulia ndugu wawili kwa saratani. Mama Chediel, ambaye mwanawe alikuwa na ulemavu wa akili, aliomba siku maalumu ya kliniki, ili watoto kama wake wasikae foleni huku wakichekwa. Viziwi walitaka muuguzi anayejua lugha ya alama.

Kati ya viziwi alikuwepo mwanamke mmoja, Nanzia, fundi cherehani. Alikuja mikutanoni na wifi yake, Hoza, ambaye anasikia na ndiye aliyekuwa akimtafsiria. Nanzia alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa kubwa. Hakuwa msumbufu. Alikaa, akatazama mikono ya Hoza, akatikisa kichwa, mkutano ukiisha akaenda zake.

Ombi lao tulilichukulia kijuujuu. Kaniki alisema, "Hao wana Hoza tayari. Kituo kitamleta mwingine wa nini?" Wengi wetu tukaitikia kwamba ni kweli. Hoza hakulitafsiri neno hilo. Niliiona mikono yake imetulia mapajani, na Nanzia akimtazama usoni akingoja.

Tukapiga kura. Mnaweza kukisia wenyewe yaliyotokea. Kila mtu alikwenda moja kwa moja kwenye kopo la kundi lake, na kwa kuwa kundi la Kaniki ndilo lililokuwa na watu wengi zaidi, kopo lake likashinda. Singano akasimama akasema, "Ndugu zangu, hii si kura. Hii ni sensa."

Ukawa ugomvi. Kaniki alisema wengi wape. Wasioona, waliokuwa wa pili kwa wingi, wakasema wao watakwenda kwa mganga mkuu peke yao kama zamani. Mmoja wetu akasema kama ni hivyo kila ndege na mti wake. Mama Chediel alilia, na hakuna aliyemuuliza analilia nini. Mwisho tukakubaliana kurudia kura Alhamisi, siku moja kabla ya kwenda kwa mganga, na ikishindikana tena Umoja uvunjwe, kila mtu arudi kwao.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Alhamisi ile benchi la makopo lilikuwa limewekwa kwenye ukuta wa mlangoni, kama kawaida. Wasioona walikuwa na desturi yao: kopo lao liliwekwa daima la kwanza mkono wa kushoto, na la viziwi la mwisho mkono wa kulia. Mtu anashika pembe ya benchi, ananyoosha mkono, anadondosha jiwe. Hahitaji kuongozwa, na Singano hakupenda kuongozwa.

Kaniki akafika kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, akakuta benchi limeziba njia. Akaomba lisogezwe. Vijana wawili wakalibeba jinsi lilivyo, makopo yakiwa juu, wakalipeleka mpaka ukuta wa ng'ambo. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini anayelikabili benchi akitokea upande huu wa pili, kushoto kwake ndiko kulikokuwa kulia hapo awali. Anayeona haimpi shida, anatazama kopo lake analifuata. Asiyeona hakuambiwa; aliitwa tu, 'Pita hapa,' akalifikia.

Siku hiyo wasioona ndio walioanza. Wa kwanza akaenda, akashika pembe, akadondosha jiwe. Lilianguka ndani ya kopo la viziwi. Wa pili naye hivyohivyo, na wa tatu, na waliowafuata. Sisi wenye macho tulitazamana. Tulidhani wameshauriana nyumbani na kuamua jambo. Kaniki peke yake ndiye aliyekuwa akitabasamu, kwa kuwa yeye alishaelewa kwamba benchi limehama na kushoto kumekuwa kulia. Kura za washindani wake zilikuwa zinapotea njia, na binadamu ni binadamu.

Singano alikuwa wa mwisho kati yao. Alishika pembe, akainua jiwe, mkono ukabaki hewani. Kopo la wasioona lilikuwa la maziwa ya unga, lenye sauti nyembamba. La viziwi lilikuwa kopo zito la rangi. Naye alikuwa amesikia mawe yote yakilia kwa sauti nzito. Niliuona uso wake ukibadilika. Alikuwa ameshajua.

Kabla hajasema kitu, Nanzia aliinuka kutoka nyuma. Alitembea taratibu, kwa uzito wa mimba, mpaka mbele ya Singano. Akaushika ule mkono wake wa pili kwa mikono yake yote miwili, akauinamia. Alikuwa analia. Singano akayasikia machozi juu ya vidole vyake.

"Nani huyu?" akauliza.

"Ni wifi yangu Nanzia, mzee," Hoza akasema. Naye alikuwa amesimama.

"Ana nini?"

Nanzia akamwachia mkono, akaanza kusema kwa ishara, haraka, na Hoza akawa anamfuata. "Anasema ahsanteni. Anasema Mungu awazidishie. Anasema hakujua kwamba mnajua."

"Tunajua nini?"

Hoza akajifunga kanga yake vizuri. Nadhani hakuwahi kulisema jambo lile mbele za watu. "Mimba yake ya kwanza, mzee. Nilimpeleka mimi zahanati ya zamani. Wakaniambia ndugu wasubiri nje. Nikawaambia huyu hasikii, wakasema watu wote huzaa kwa njia moja. Nikakaa nje. Huko ndani muuguzi alimwambia sukuma, hakusukuma. Alimwambia acha, akasukuma. Wakamwona mbishi, wakampiga makofi mapajani. Mtoto alitoka amechoka. Hakulia." Hoza akajifuta uso kwa kanga. "Na yeye hakujua kama hakulia, mzee. Atajuaje? Niliporuhusiwa kuingia nilimkuta amelala, anatabasamu, anangoja apewe mtoto."

Nilimtazama Kaniki, na tabasamu lake halikuwepo tena.

Mmoja wa wasioona akamnong'oneza Singano, "Mwenyekiti, nyamaza tu. Mungu amepanga." Na mimi, niwaambie kweli, nilitamani anyamaze. Mawe yalikuwa yameshaingia, mwanamke ameshafurahi, kulikuwa na ubaya gani? Lakini Singano hakuwa mtu wa namna hiyo.

"Hoza," akasema, "mtafsirie kila neno, usimpunguzie. Mwambie hatukujua. Mwambie tumekosea kopo. Nadhani benchi limehamishwa, na mawe haya tulikuwa tunajipa wenyewe."

"Mzee, niseme hivyo?"

"Sema hivyohivyo."

Hoza akasema, kwa mikono mizito. Nanzia akatazama mpaka mwisho. Kisha akarudi nyuma hatua, akakunja mikono yake juu ya tumbo, na uso wake ukafungika. Sijawahi kuona aibu ya namna ile kwa mtu asiye na kosa lolote. Niliumia sana.

"Sijamaliza," Singano akasema. "Mwambie nimekaa naye mkutano mmoja muda wote huu. Yeye haisikii sauti yangu, na mimi siioni mikono yake. Katikati yetu tulikuweka wewe, tukaona inatosha. Sikumuuliza hata siku moja kopo lake lina nini. Nilikuwa nahesabu mawe ya kopo langu."

Akanyoosha mkono, akalipapasa lile kopo zito, akadondosha jiwe lake.

"Mawe ya wenzangu yameingia kwa kukosea. Hili langu limeingia kwa kujua. Sasa kila anayetaka kulitoa lake aje alitoe, utaratibu ni utaratibu."

Akasimama bibi mmoja asiyeona, Bi Mwantumu, mkali kama pilipili kichaa. "Mimi langu nalitaka," akasema. Akapewa jiwe. Akalipapasa kiganjani, kama mtu anayechagua njugu, kisha akalirudisha ndani ya kopo lilelile. "Sasa ndiyo limeingia vizuri," akasema, akarudi kukaa. Wengine wakafanya kama yeye. Mmoja alilichukua la kwake akalipeleka kwenye kopo la wasioona, na hakuna aliyemsema neno. Kura ni kura.

Ikafika zamu ya Kaniki. Alizungusha baiskeli yake mpaka kwenye benchi, akakaa pale jiwe likiwa mkononi muda mrefu. Wenzake walikuwa wanamtazama, maana atakakokwenda yeye ndiko watakakokwenda wengi wao. Jambo lake halikuwa dogo. Nani kati yenu angependa kutambaa mbele ya wakwe zake akienda kutibiwa?

"Mimi ndiye niliyeomba benchi lisogezwe," akasema, "na niliona kura zinakosea, nikafurahi. Tena nilisema kwamba hao wana Hoza tayari, kumbe Hoza alikuwa nje." Akaipapasa suruali yake magotini. "Zile ngazi nitazitambaa mwaka mmoja zaidi. Nikitambaa nachafua suruali, naifua. Mtoto hazaliwi mara mbili."

Jiwe lake likaanguka ndani ya kopo la rangi. Baada ya hapo walikuja wengi. Mama Chediel alikuja, na mimi nilikuja, na kofia yangu.

Kura zilipokwisha, Singano aliuliza kuna mawe mangapi yaliyotoka kwa viziwi wenyewe. Tukatazama. Kumbe siku hiyo viziwi walikuwa hawajapiga kura bado, tuliwasahau. Kopo lilikuwa limejaa, na hakuna hata jiwe moja la mwenyewe ndani yake. Ndipo Singano akacheka, kicheko kirefu, akasema, "Basi na iwe sheria. Kuanzia leo hakuna mtu kutia jiwe katika kopo lake. Ukitaka kutia jiwe, kwanza ukamuulize mwenzako ana shida gani. Kopo la mtu hujazwa na mwenziwe."

Ndivyo ilivyotoka mdomoni mwake, mbele yetu. Wakati huohuo viziwi wakaenda kutia mawe yao, na Nanzia, uso umeshafunguka, alilitia lake katika kopo la Mama Chediel. Hakuna aliyemwelekeza.

Kesho yake tulikwenda kwa mganga mkuu, na Singano ndiye aliyesema. Yule mama alimsikiliza, halafu akavua miwani. "Mzee Singano," akasema, "kila mwaka kiziwi ananiletea la kiziwi, na kipofu la kipofu, na kila mmoja namwambia asubiri, na moyo wangu unatulia. Sasa wewe kipofu unayeniombea kiziwi, nikujibu nini?"

"Jibu ni lako, mama," Singano akasema. "Ila mtoto yuko njiani."

Jambo letu halikuingia kabatini. Akatafuta wilaya nzima, akampata muuguzi mmoja aliyelelewa na wazazi viziwi, aliyekuwa amewekwa kwenye dirisha la dawa, hakuna anayejua anachokijua. Akamhamishia wodi ya wazazi. Mteremko wa Kaniki ulikuja mwaka uliofuata, na haukuombwa na Kaniki. Mafuta yetu yalichelewa zaidi, na wapo walioondoka wakiyangoja. Sitawaambia kwamba kila mtu alipata kwa wakati. Kutanguliza jambo moja ni kulichelewesha jingine, na anayecheleweshwa ana jina na ana mama yake. Ndiyo maana jambo hilo haliachiwi mtu ajiamulie mwenyewe kuhusu nafsi yake, wala kundi kubwa liliamue kwa wingi wake.

Siku ya Nanzia ilipofika, Hoza aliambiwa tena asubiri nje, lakini safari hii mlango uliachwa wazi, akaona yote. Muuguzi yule alisimama mahali ambapo Nanzia ataiona mikono yake. Akamwambia kwa mikono, sukuma. Akamwambia, pumzika. Akamwambia, bado kidogo, sukuma. Mtoto alipotoka, Nanzia hakutabasamu. Alimkazia muuguzi macho, kwa hofu, akingoja.

Muuguzi alikuwa amemshika mtoto kwa mkono mmoja. Akauinua ule mwingine, akamwambia: analia. Analia kwa nguvu.

Basi Mbazi, kesho utapewa jiwe. Usiku huu una wenzako hapa ambao hujawahi kuwauliza kitu. Kopo la mtu hujazwa na mwenziwe.